Isomwe Yote, Bila Kukatwa

Nilimkuta Mzee Nukta kwenye korido ya studio, uso ukutani, anazalisha.

Ndiyo, anazalisha. Karatasi mkononi, miwani puani, suti ile ile ya kijivu aliyoivaa kutangazia vifo vya wakubwa na bei za mafuta, anauambia ukuta kwa sauti ya chini: "Usisukume bado. Pumua kwanza." Mfagizi alikuwa amesimama na ndoo yake, hajui apite au aite mtu. Nilitaka kucheka, lakini nikatega sikio. Maneno yale niliyajua. Yalikuwa ya mama yangu mdogo, na yalikuwa yamepigwa marufuku.

Nianze na huyo mzee, maana bila yeye sina cha kusimulia. Alikuwa msomaji wa habari wa redio yetu tangu mimi sijazaliwa. Jina la Nukta tulimpa sisi, kwa jinsi alivyoheshimu alama za uandishi. Mkato kwake ulikuwa mkato, nukta ilikuwa nukta, na ole wako umwandikie sentensi isiyo na mahali pa kuvutia pumzi. Kabla ya kila taarifa alikwenda koridoni kuusomea ukuta. Alisema ukuta haukuonei huruma, ukikuelewa ukuta, binadamu wote watakuelewa. Na kweli, watu walimwelewa. Mtu angeweza kubishana na gazeti, akabishana na televisheni, akabishana na mkewe, lakini akisema Mzee Nukta, mjadala umefungwa. Wala hakuwa na upande. "Mimi ninasoma," alikuwa akituambia tukimchokoza. "Kufurahi na kukasirika ni kazi ya msikilizaji."

Mimi nilikuwa fundi mitambo. Nilikaa upande wa pili wa kioo, vidole juu ya vitufe, nikimfungulia na kumfungia kipaza sauti. Kazi yangu haikuwa na jina hewani, nami nilitosheka nayo.

Sasa Mama Mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, mkunga katika hospitali ya umma, mwanamke wa miraba minne, mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Hatukujua kama anaandika. Tulidhani zile karatasi alizokuwa anajaza mezani jikoni ni ripoti za kazini. Siku moja akatuletea kitabu, kina jina lake juu, akakiweka mbele ya mama kama mtu anayeweka sufuria ya moto. "Dada, nimeandika," akasema. Mama akakigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Wewe?" Kilikuwa kitabu kuhusu leba. Wanawake wanavyosubiri, wanavyolia, wanavyotukana, wanavyofurahi. Nilikisoma bila kuinuka, nikajikuta nimekaa gizani, nimesahau kuwasha taa.

Kisha kamati ya serikali inayokagua vitabu ikakipiga marufuku.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi sisi watu wa habari tunavyokitangaza kitabu ambacho hatujakifungua. Gazeti kubwa liliandika KITABU CHA AIBU, likatia na picha ya Mama Mdogo iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya binamu yetu, mdomo wazi, anacheka, chakula kipo shavuni. Ukimwona hivyo unaamini lolote. Televisheni iliwaweka wataalamu wanne mezani. Wa kwanza akasema hajakisoma wala hatakisoma, lakini kinasikitisha. Wa pili akamuunga mkono wa kwanza. Wa tatu na wa nne wakazozana juu ya malezi ya watoto mpaka muda ukaisha. Waandishi wakaingia mtaani na vipaza sauti, wakamuuliza muuza viatu, "Una maoni gani kuhusu kitabu hiki kichafu?" Muuza viatu, maskini, alikuwa na maoni mengi sana.

Na sisi? Sisi tulisema "kitabu kinachodaiwa kuwa na maneno machafu". Tulijiona wastaarabu kwa hilo neno "kinachodaiwa". Mhariri wetu alikuwa mtu mwema, lakini mwoga kupindukia. Aliniita ofisini, akafunga mlango. "Binti, hii ni damu yako, kaa nayo mbali. Na neno moja la kitabu hicho lisitoke hewani. Moja tu likitoka, tunafungiwa."

Mama Mdogo alisoma kila gazeti. Alikuwa anayakunja vizuri, anayapanga. "Ukurasa mzima kunihusu mimi," aliniambia, "na hamna hata sentensi yangu moja. Wangeniweka moja tu, mwanangu. Hata ile mbaya." Alicheka, nami nikacheka kumridhisha.

Lakini mambo hayakuishia kwenye magazeti. Waume walianza kufika hospitalini na vichwa vya habari mikononi. "Huyu aliyeandika matusi asimguse mke wangu." Mmoja alisimama mlangoni kwa leba, miguu kaitanua, wakati mkewe anapiga kelele ndani. Sista mkuu, ambaye alimjua Mama Mdogo tangu wote wawili wakiwa wanafunzi, alivumilia siku kadhaa, kisha akamhamishia stoo ya mashuka. Si kwamba alimfukuza. Alimwambia akapumzike huko mpaka upepo upite. Mama Mdogo, ambaye mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa mji ule, sasa alikuwa anakunja mashuka na kuwahesabia waliokuja kuyachukua. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta ameketi juu ya furushi, mikono imelala mapajani, kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa avishike. "Mikono inasahau," akaniambia. "Ukiiacha muda mrefu, inasahau." Hakucheka safari hii. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira, na sina wa kumpelekea.

Basi, wokovu ukatoka mahali ambapo hata mtabiri asingethubutu kupataja. Ukatoka kwenye kamati yenyewe.

Mwandishi mmoja mtundu, wa gazeti dogo linalosomwa zaidi kwa vinyozi, aliuliza swali la mstari mmoja: wajumbe wamekisoma? Mji ukaangua kicheko. Watu wakawa wanaulizana sokoni, "Umekisoma?" "Aa, mimi ni mjumbe." Kamati ikaona imevuliwa nguo hadharani. Ikakutana kwa haraka, ikaandika taarifa ndefu ya kuuthibitishia umma kwamba imekisoma kitabu, tena kwa makini, ikaambatanisha vipande vitatu vyenye makosa, neno kwa neno kama vilivyo kitabuni. Juu kabisa, kwa herufi kubwa na mhuri: ISOMWE YOTE, BILA KUKATWA.

Mhariri aliisoma akiwa amesimama, akakaa. Kwenye ukuta wa chumba chetu cha habari kulikuwa na kibao, TAARIFA YA SERIKALI HAIKATWI, kilichobandikwa baada ya mtangazaji mmoja kufupisha taarifa fulani ili awahi mpira, na redio ikafungiwa. Mhariri akatazama karatasi, akatazama kibao, akatazama karatasi tena. Aliyemkataza asinukuu ndiye aliyemwamuru anukuu. Jasho lilimtoka, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi.

"Mpeni Mzee," akasema mwishowe. "Isomwe saa saba."

Ndiyo maana nilimkuta pale koridoni. Aliponiona hakuacha kusoma mpaka alipofika kwenye nukta, kisha akageuka. "Binti. Njoo hapa. Pameachwa uwazi." Akanionyesha. Karani wa kamati alikuwa mwaminifu kuliko malaika: alinakili kila kitu kitabuni, hata nafasi tupu ambayo Mama Mdogo aliiacha katikati ya kipande cha tatu, karibu nusu ukurasa, hamna neno.

"Hapa panasomwaje?" akauliza.

"Sijui, Mzee."

"Mama yako mdogo, hapa, alikuwa anafanya nini?"

Sikujua kama anajua undugu wetu. "Alikuwa anasubiri mtoto alie."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia na fundi mwenzake. "Basi tutasubiri," akasema, akaurudia ukuta.

Saa saba mchana. Ni saa ambayo redio zote za mji zipo wazi, madukani, gereji, mapokezi ya hospitali, jikoni, kwa vinyozi. Nilimfungulia kipaza sauti. Alianza na salamu, akasoma jina la kamati, cheo cha mwenyekiti, tarehe, kifungu cha sheria, vyote kwa sauti ile ile iliyotutangazia kila kitu maishani mwetu. Mhariri alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

"Kipande cha kwanza, kinachovunja heshima ya ndoa," akasoma Mzee Nukta. "Mwanzo wa kunukuu. Usisukume bado, nilimwambia. Pumua kwanza. Akapumua. Kisha akamlaani mumewe, akamlaani baba mkwe wake, akamlaani na fundi seremala aliyewatengenezea kitanda. Mwisho wa kunukuu."

Hakutabasamu. Angetabasamu, kila kitu kingeharibika. Nilisikia mlipuko wa kicheko kutoka chumba cha habari, kisha mtu akawanyamazisha wenzake, wasije wakapitwa.

"Kipande cha pili, kinachoichafua hospitali ya umma na kudharau nyumba za ibada. Mwanzo wa kunukuu. Umeme ulipokatika hakuna aliyepiga kelele. Wanawake wa wodi nzima waliwasha simu zao na kuziinua. Wasioweza kukaa waliinua mikono wakiwa wamelala. Mtoto alizaliwa katika mwanga huo. Nimeingia katika nyumba nyingi za ibada, na sijaona mwanga kama ule. Mwisho wa kunukuu."

Jamani. Kitabu kile nilikisoma, sehemu ile niliijua, na bado nywele zilinisimama. Sauti ambayo haikuwahi kumpamba mtu, ambayo ilitangaza ushindi na msiba bila kupanda wala kushuka, ilikuwa inayachukua maneno ya Mama Mdogo na kuyaweka mezani pa mji mzima, moja moja, bila kuyasaidia. Wala hayakuhitaji msaada. Nilikuwa nimefanya kazi na mzee yule miaka, nikadhani namjua. Kumbe nilikuwa sijawahi kumsikia akipewa maneno ya kiwango chake.

"Kipande cha tatu, kinachotia hofu wajawazito. Mwanzo wa kunukuu. Mtoto akatoka, kimya. Mdogo, wa buluu, amekunja ngumi. Nikampangusa. Nikampuliza. Nikamsugua mgongo. Mama yake hakuuliza kitu. Wodi nzima haikuuliza kitu. Tukasubiri."

Akanyamaza.

Lazima nieleze maana ya kimya redioni. Kimya ni moto unaowaka. Fundi mitambo hufundishwa jambo hili kabla ya mengine yote: sauti ikikatika, vuta pumzi moja, kisha weka muziki. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Pumzi moja ikapita. Mzee Nukta alikuwa ameinamia karatasi yake, kwenye ule uwazi, macho yanashuka taratibu kana kwamba pale pana maandishi. Pumzi ya pili.

"Weka muziki!" mhariri akaninong'oneza kwa ukali. "Weka muziki, tumekufa!"

"Taarifa haikatwi, bosi," nikamjibu.

Sijui ulimi ule niliutoa wapi. Nikaondoa kidole, nikaiweka mikono yote miwili mapajani maana sikuiamini tena. Mhariri akanyoosha mkono kwenye kitufe, halafu akaurudisha. Naye alikuwa na watoto. Nikageuka nikamwona anaitazama ile spika ndogo ya ukutani, amekaza taya, anasubiri kama mtu aliyesimama nje ya mlango wa leba.

Baadaye watu walinieleza walikokuwa. Kinyozi alizima mashine, mteja ana nusu kichwa. Kwenye gereji moja mafundi waliokuwa chini ya gari walitoka chini ya gari. Mwalimu mmoja aliyekuwa na redio ofisini alisema alisikia kimya kikitoka kwenye madirisha ya mtaa mzima kwa wakati mmoja, na hapo ndipo alipojua kwamba kila mtu yupo. Mji ule ambao haukuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote ulikuwa umebana pumzi kwa ajili ya mtoto mmoja asiye na jina.

Macho ya Mzee Nukta yakafika mwisho wa uwazi.

"Akalia," akasoma.

Mhariri alishika bega langu kwa nguvu mpaka likaniuma.

"Akalia. Na wanawake wote, hata wale waliokuwa wakimlaani kila mtu, wakamwambia kwa pamoja: karibu. Mwisho wa kunukuu." Akageuza karatasi. "Kamati inawakumbusha wananchi kwamba kumiliki kitabu hiki ni kosa. Na sasa hali ya hewa."

Nilimfungia kipaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Nikaingia kumchukulia karatasi. Yeye akasema tu, "Anajua kuandika, huyu. Ameniachia pa kupumulia."

Simu zikaanza. Ya kwanza, amini usiamini, ilitoka kwa katibu wa kamati, anatushukuru. "Imesomwa vizuri mno. Sasa wananchi wameelewa uzito wa jambo." Mhariri alimjibu kwa heshima zote, akakata simu, akaweka kichwa mezani. Zilizofuata zilikuwa za wasikilizaji, wote na swali lile lile: ile taarifa ya kamati itasomwa tena saa ngapi? Bibi mmoja alitaka tuisome polepole ili mjukuu wake ainakili. Kabla ya jua kushuka katibu akapiga tena, safari hii sauti imekauka, akaagiza taarifa isisomwe tena. Kesho yake lile gazeti dogo la vinyozi liliandika kwamba kamati imeipiga marufuku taarifa yake yenyewe, na gazeti kubwa likaandika kwamba "hali imedhibitiwa". Kitabu chenyewe kimebaki marufuku mpaka leo hii ninapokusimulia. Lakini hayo ni ya kesho. Mimi zamu yangu ilipokwisha nilitoka mbio kwenda hospitali.

Stoo ya mashuka ilikuwa wazi, hamna mtu. Nikadhani wamemwita kumfukuza kabisa, kwa kosa la kusikika. Mhudumu aliyekuwa anasukuma kitoroli akaninyooshea kidole mwisho wa korido. "Sista mkuu alikuja mwenyewe kumchukua. Hakusema kitu. Alimpa glovu tu."

Nikakaa kwenye benchi pamoja na waume wa watu. Hakuna aliyekuwa na gazeti. Mmoja alikuwa anamhadithia mwenzake habari ya simu zilizoinuliwa gizani, anaionyesha kwa mkono wake mwenyewe, mkono juu, kama alikuwepo.

Mama Mdogo alitoka akiwa amelowa jasho, kofia upande. Aliponiona akaja akajitupa kwenye benchi mpaka wote tukayumba. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto.

"Umesikia?" nikamuuliza. "Mama Mdogo, umesikia alivyosoma?"

"Nisikie na nini? Stoo hamna redio." Akavuta pumzi. "Mji mzima umenisikia isipokuwa mimi."

Nilitaka kulia. Nikasema, "Nitakusimulia yote, neno kwa neno."

"Nimeshasimuliwa." Akaanza kucheka, kile kicheko cha nyumba ya tatu, waume wote wakageuka. "Nina msichana ndani, mimba ya kwanza, anaogopa mpaka meno yanagongana. Hanijui mimi ni nani. Ananivuta gauni, ananiambia, Sista, mtoto akitoka, wodi nzima inatakiwa imwambie karibu. Nikamuuliza, nani kasema? Akanijibu, Hukusikiliza redio? Kamati imesema."

Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono. Machozi yalikuwa yanatoka na kicheko hakijaisha.

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nikamwambia, ndiyo mama, kamati imesema. Sasa sukuma."

"Na wodi?"

"Wote, mwanangu," akasema. "Hata sista mkuu."